Kifaru cha Baba kule Ghubra

Jumapili, 1 Juni 1969

Tumehamia Ghubra leo, kama wanavyohamia watu wa Maskati kila joto linapoanza kuwatoa roho. Lori lilituteremsha kando ya mitende, na Shangazi Kheiria akashuka ameshika kiuno kwa mkono mmoja na kikapu cha mikate kwa mwingine. “Ikiwa hii ndiyo starehe,” akasema, “basi mie nna mashaka na akili za jamaa zetu.”

Banda la makuti tumeazimwa na Mjomba Ghanim, binamu yake marehemu Mama. Hatujatandika hata mkeka mmoja, Baba alikwisha kusimamisha ubao wake wa kuchorea na kuuelekeza kaskazini ili mkono usimtilie kivuli.

Naandika mambo yalivyo, nisije nikajidanganya baadaye. Kaka yangu Thabit ameleta habari kutoka Kuwait: chuo kikuu kimenikubali kusoma hisabati, masomo yaanza Oktoba. Kutoka nchi hii kunataka ruhusa, na ruhusa hutoka Salala, anakokaa Sultani. Mjomba Ghanim ni karani wa serikali. Akilipata ombi kabla ya Agosti kwisha, atalitia katika mkoba unaokwenda Salala, na jibu laweza kurudi kabla ya meli ya mwisho wa Septemba. Ombi aliandike baba wa binti na alitie sahihi. Ni hilo tu. Ukurasa mmoja.

Baba amesema, “Tumalize kitabu kwanza, mwanangu. Kisha nitakaa niandike hiyo barua kwa utulivu.”

Kitabu ni historia ya kifaru. Si mnyama, bali kile cha chuma, chenye mzinga. Baba alipelekwa Uingereza kusomea mitambo kabla ya vita, vita vikamfungia huko, na badala ya kurudi Unguja akawekwa penye ubao katika kiwanda kilichokuwa kikibuni kifaru cha wastani. Miaka minne alichora. Yeye husema, mimi huandika, na michoro naisafisha kwa wino. Unguja tulikuwa na kurasa sitini. Tulipotoka, wakati wa Mapinduzi, hatukutoka na kitu, kwa hiyo tumeanza upya.

Jumatano, 4 Juni

Joto. Ukurasa wa kwanza, kwa mara ya tatu.

Jumapili, 8 Juni

Leo nimejifunza kitu, na nalazimika kukiri kwamba ni kizuri.

Nilidhani kubuni kifaru kunaanza na mzinga. Baba akacheka. “Kunaanza na ugomvi,” akasema. “Wapanda farasi wa zamani wanakitaka chepesi, kikimbie. Askari wa miguu wanakitaka kizito, wajifiche nyuma yake. Serikali inakitaka jana. Ndiyo maana kikaitwa cha wastani. Hakuna aliyeridhika.”

Kisha akaniambia habari za reli. Kifaru lazima kipande gari-moshi mpaka bandarini, na gari-moshi lazima lipite katika mahandaki yaliyochimbwa milimani na babu zao. Basi upana unajulikana kabla penseli haijagusa karatasi. Toa minyororo miwili ya kutembelea, kilichobaki ndicho kiwiliwili. Juu ya kiwiliwili hukaa pete kubwa ya chuma, ambayo mnara wa mzinga huzunguka juu yake. Pete ikiwa ndogo, mzinga mdogo. Mzinga ukiwa mdogo, risasi inagonga deraya, bamba la chuma la adui, na kuanguka kama embe bovu.

“Kwa hiyo mzinga uliamuliwa na wachimba mahandaki,” nikasema.

Baba akanitazama. “Andika hivyo hivyo.”

Nikaandika. Jioni akaifuta sentensi hiyo.

Jumamosi, 14 Juni

Nimechoka kungoja, nikaiandika barua mwenyewe kwa Kiarabu safi, nikamwekea Baba karibu na kahawa. *Binti yangu amekubaliwa kusoma hisabati.* Akaisoma akiwa ameshika penseli. Baba hawezi kusoma kitu bila penseli.

“Hisabati itawashangaza,” akasema. “Watajiuliza ya nini kwa mwanamke. Tuseme ualimu.”

“Sikuomba ualimu.”

“Ni neno tu, Nasriya.”

Akalikata. Pembeni akaandika herufi B, kama walivyokuwa wakifanya kiwandani: mchoro uliobadilishwa hupewa herufi, ili mtu asije akautengeneza ule wa zamani. Barua yangu imekuwa na herufi.

Ijumaa, 20 Juni

Baada ya sala ya Ijumaa Baba alichora kifaru kizima mchangani, nyuma ya banda, kwa kigogo cha kuti. Si picha, bali kipimo chenyewe, hatua kwa hatua, na kamba ya ndoo ndiyo ikawa bikari ya kupigia pete. Kiwandani walikuwa wakikijenga kwanza kwa mbao, akasema, watu wakae ndani waone kama wanaenea.

“Nataka watatu wa kwenye mnara,” akasema.

Mimi nikawa mpiga mzinga. Jirani yetu Masouda, mwenye bustani ya upande wa pili, alikuwa amekuja kutuletea tende za naghal, zile zinazotangulia kuiva. Akafanywa kamanda. Shangazi Kheiria akawa wa kutia risasi.

“Risasi yenyewe iko wapi?” akauliza.

Baba akamletea mchi wa kinu.

“Lakhaula! Mahfoudh, weye umesomeshwa na serikali kwa haya?”

“Dada Kheiria, uchukue nyuma yako, ugeuke, uutie hapa mbele. Usiukanyage mstari. Mstari ni chuma.”

Shangazi akageuka. Kiwiko kikamfika Masouda kifuani, mchi ukanipata begani, na makalio yake yakatoka nje ya deraya yote.

“Mie nusu yangu imeshakufa,” akasema. “Hii iliyobaki nna wasiwasi nayo.”

“Kamanda naye ameuawa na askari wake mwenyewe,” akasema Masouda, akijishika mbavu.

Tulicheka mpaka tukakaa chini. Baba pia alicheka, na sikumbuki lini mara ya mwisho. Alipoacha aliendelea kuutazama mstari wa pete. Akasema ile siku ya kujaribu kifaru cha mbao, wakubwa walipokuja kukagua, ofisi ilichagua makarani wembamba, wenye mashati tu. Wakaenea vizuri. Wakubwa wakatia sahihi. Hakuna aliyefikiri kwamba vitani watu huvaa makoti mazito, na kwamba mtia risasi hachaguliwi kwa wembamba.

“Niliwaambia pete ni ndogo,” akasema. “Niliwaambia.”

Mbuzi wa Masouda amekwisha kuivuruga minyororo ya upande wa kushoto.

Jumanne, 24 Juni

Sura ya pili imekuwa sura ya tatu. Ya tatu imeondolewa.

Jumamosi, 5 Julai

Upepo wa gharbi umeanza, ule unaotoka jangwani. Tunalowesha shuka na kuzitundika mlangoni, na zinakauka kabla hujamaliza kukamua ya pili. Wino unakauka kwenye kalamu. Nimechora bamba la mbele la kifaru kwa mara ya tano, kwa sababu Baba ameona mshazari wake si sawa.

Barua imefika D. Ualimu nao umeondoka. Sasa nakwenda Kuwait “kumuuguza mke wa kaka yangu”. Mke wa Thabit ni mzima kama ng’ombe.

Nilimwambia, “Baba, kila ukibadilisha, mimi napungua.”

Akaweka penseli chini, na Baba haweki penseli chini ovyo. “Nisikilize. Huku mtu akikataliwa, amekataliwa. Humwendei tena mwakani ukamwambia nilikosea neno. Namjua mtu aliyeomba kwenda kutibiwa macho. Aliandika vibaya. Amekuwa kipofu hapa hapa. Barua hii itatoka mara moja tu, lazima iwe haina pa kushikwa.”

Nikarudi kwenye wino wangu. Linaloniudhi zaidi ni kwamba hakusema upuuzi.

Jumatano, 9 Julai

Hakuna jipya.

Jumatatu, 21 Julai

Mume wa Masouda, Sleyum, ana redio anayoificha ndani ya pipa la unga. Imesema watu wametembea juu ya mwezi. Shangazi hakubali. “Sisi kwenda Matrah tu mpaka tupate lori.”

Baba akasema, “Walikuwa na mtu aliyewaambia basi, tunakwenda na hiki hiki.” Nilimwuliza ana maana gani. Akaniomba rula.

Jumamosi, 2 Agosti

Sasa najua kwa nini kitabu hakiishi.

Tulifika ile sura. Nimekuwa nikiiona kwa mbali tangu Unguja. Kila tukiikaribia Baba hurudi nyuma kurekebisha injini. Leo hakukuwa na pa kurudi. Alianza kusema akiwa amenipa mgongo, akilowesha shuka ya mlangoni.

Pete ilikuwa ndogo, na wote walikuwa wamekwisha kukubali. Ila yeye alipata njia. Kiwiliwili kisiishie katikati ya minyororo, bali kitanuke juu yake, kama roshani za kwetu zinavyotokeza juu ya kichochoro bila kuziba njia chini. Upana wa reli ungebaki ule ule, minyororo ile ile, lakini pete ingekuwa kubwa na mzinga mkubwa ungekaa. Alikuwa kijana wa miaka ishirini na sita, mgeni, wa pekee mwenye rangi yake katika ofisi ile, na mkubwa wa michoro akamwita na kumwambia, “Hii ni kazi. Niletee Ijumaa.” Kwa sababu Ijumaa ndiyo siku ya kufunga mchoro.

Kufunga mchoro ndiyo sheria yao kubwa. Inafika siku mkubwa anasema hakuna mstari mwingine. Kibaya kitabaki kibaya, kitajengwa hivyo hivyo, kwa sababu viwanda vinangoja na askari wanangoja. Baada ya hapo penseli ikigusa karatasi ile ni kosa.

Ijumaa ilipofika mchoro wa Baba ulikuwa tayari, ila pembe moja. Mabamba mawili yalikutana hapo na hakuwa na hakika kwamba maungio yangestahimili. Akaomba mpaka Jumatatu. Mkubwa akamwambia, “Nipe ulivyo. Pembe tutaitengeneza kiwandani.” Baba akakataa. Hakuweza kutoa kitu chenye kasoro anayoijua.

Mchoro ukafungwa bila yake. Aliendelea kuchora peke yake, jioni, na mwezi uliofuata akaupeleka ukiwa hauna dosari. Mkubwa aliutazama muda mrefu. Akasema hajaona mchoro mzuri kama huo. Kisha akautia ndani ya mtoto wa meza, akamrudisha Baba kwenye kazi ya vitasa vya milango.

Kifaru kikaenda vitani na mzinga mdogo.

“Wangelisubiri,” akasema Baba. “Siku chache tu. Ndicho ninachotaka kitabu kiseme.”

Nikamwuliza, “Na wale waliokuwa vitani, walikuwa wakisubiri ndani ya kitu gani?”

Akaishika ile shuka mpaka maji yote yakachuruzika mguuni pake.

Nimekaa na haya mchana kutwa. Miaka yote nilidhani Baba ni mtu mkali anayetaka vitu viwe sawa. Leo nimeona kitu kingine na sipendi kukipa jina, kwa sababu mimi pia nimefuta sentensi hii mara mbili.

Alhamisi, 7 Agosti

Tende za khalas zimeiva. Masouda katuletea sinia. Barua ni F.

Jumapili, 17 Agosti

Nimemwambia Shangazi yote ya sura ile. Alikuwa akichagua mchele. Miaka yote nimemchukulia kuwa mtu wa mzaha tu.

“Mie haya nayajua tangu hujazaliwa,” akasema. “Kwani mamako aliposwa vipi? Babako aliandika barua ya posa mwaka mzima. Mwisho marehemu baba yetu akenda mwenyewe, kwa miguu, bila barua.” Akatoa kijiwe, akakitupa. “Watu husema Mahfoudh hajapata kukataliwa. Kweli. Atakataliwaje mtu ambaye hatoi?”

Jumapili, 24 Agosti

Nimegombana na Baba. Sauti yangu ilifika kwa Masouda, najua, kwa sababu aliacha kutwanga.

Nilimwekea karatasi safi na kalamu ya wino. Nikamwambia Agosti inakwisha. Akasema herufi G iko karibu, umebaki mstari wa tatu tu. Nikamwambia sitaki mstari wa tatu, nataka sahihi. Akasema, “Unataka nikupeleke na barua mbovu?”

“Nataka unipeleke!”

“Wakikataa utanilaumu.”

“Wakikataa nitawalaumu wao, Baba. Usipotoa nitamlaumu nani?”

Akasimama. Nikaona haya, lakini sikurudi nyuma. Akasema kesho. Akachukua kalamu ya wino, akaiweka mfukoni, akaenda zake pwani.

Jumatano, 27 Agosti

Shangazi na mimi tulipanda lori la samaki mpaka Maskati bila kumuaga Baba. Tulikwenda nyumbani kwa Mjomba Ghanim, si ofisini. Nilichukua barua F, iliyonakiliwa vizuri, mahali pa sahihi pakiwa patupu. Shangazi alikuwa tayari kutia kidole gumba chake.

Mjomba akaisoma, akacheka kidogo kwa pua. “Dada Kheiria, kidole chako nakiheshimu, wallahi. Lakini wataniuliza, baba yake amekufa?”

“Bado,” akasema Shangazi, “ila leo nikirudi…”

“Ya Nasriya,” Mjomba akaniambia, “mimi naweza kuitia mkobani barua yenye makosa kumi. Isiyokuwa na sahihi siwezi kuitia hata moja. Mwambie Mahfoudh Salala hawasomi mashairi. Wanatazama nani, wapi, kwa ruhusa ya nani.”

Tulirudi tukinuka samaki. Baba alikuwa penye ubao. Nilimweleza kila neno. Akaitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu anayekubaliana na mwingine kuhusu hali ya hewa.

Jumamosi, 30 Agosti

Kesho, amesema.

Jumapili, 31 Agosti

Kesho.

Alhamisi, 4 Septemba

Sleyum ametoka Maskati. Mjomba Ghanim anasalimu na kusema mkoba umekwenda. Mwingine ni baada ya majira ya baridi.

Nimeteka maji. Nimefua. Sikulia, na sijui kwa nini naliandika hilo kama kwamba ni ushindi.

Jumanne, 9 Septemba

Leo asubuhi Baba alikuja na barua.

Aliiweka mbele yangu kwa mikono miwili. Imeandikwa kwa wino, mistari imenyooka bila rula, na chini kabisa, sahihi. Niliisoma nikiwa nimesimama. Ni barua nzuri kuliko zote nilizowahi kusoma. Hisabati imerudi. Ameandika kwamba binti yake ana jicho la kuona urefu uliofichika, kwamba amefanya naye kazi na hakupata Uingereza mtu mwenye mkono thabiti kama wake, kwamba kumzuia itakuwa khasara kwa nchi. Mambo hayo hajaniambia hata siku moja. Hakuna neno ambalo mtu yeyote angeweza kulishika.

“Mstari wa tatu umekubali,” akasema. Uso wake ulikuwa na furaha, Mungu ananishuhudia.

“Baba, mkoba umekwenda.”

“Najua. Lakini itazame.”

Ndipo nilipoona mtoto wa meza ya yule mkubwa wa michoro akifunguka. Nilitaka kuichana. Nilitaka pia kuihifadhi maisha yangu yote. Nikaikunja, nikaitia kifuani mwangu, nikamwambia hii ni yangu, haendi nayo mtu popote.

Kisha nikamwambia, “Kaa. Andika nyingine.”

“Ya nini?”

“Ya mkoba ujao. Thabit atawaomba wanishikie nafasi mwaka mmoja. Andika sasa hivi, nami nasimama hapa.”

“Nasriya, tuna miezi…”

“Ndiyo maana.”

Shangazi alikuwa mlangoni. Akakaa kwenye mkeka, akaziba njia yote kwa mwili wake.

Baba akatafuta penseli. Nilikuwa nimeishika mimi. Akachukua kalamu ya wino. Akaandika jina la mwenye kuandikiwa, akasita, akanitazama. Nikatazama karatasi. Akaandika: *Binti yangu Nasriya anataka kusoma hisabati Kuwait, anakokaa kaka yake. Mimi baba yake nimeridhia.* Katika “nimeridhia” mkono ulikwama, na wino ukafanya doa kubwa kama punje ya mtama.

“Pamechafuka,” akasema haraka. “Ngoja, nitachukua nyingine.”

“Tia sahihi.”

“Kuna doa, mwanangu.”

“Naliona.”

Jasho lilimdondoka kidevuni. Nje Masouda alikuwa akitwanga, na nilihesabu mapigo ili nisiseme kitu cha kumwumiza. Akatia sahihi. Nikaitoa karatasi chini ya mkono wake kabla haijakauka, na herufi ya mwisho ya jina lake ikavutika kidogo kuelekea kwangu.

Alhamisi, 11 Septemba

Tumempelekea Mjomba Ghanim, mimi na Shangazi, kwa lori lile lile. Aliinua karatasi kwenye mwanga wa dirisha.

“Hii imeandikwa na Mahfoudh? Mahfoudh ninayemjua mimi?”

“Ndiye.”

“Lakini haraka ya nini? Itakaa hapa miezi, itajaa vumbi. Mngeweza kuinakili vizuri kwa raha zenu.”

“Ikae hapa, Mjomba.”

“Na hili doa je?”

“Liache.”

Akafungua sanduku lake la chuma, akaiweka chini kabisa, akafunga.

Tulipofika Ghubra jua lilikuwa limepinda. Baba alikuwa amekaa kando ya banda bila kitu mkononi. Aliinua macho, nami nikamwambia imepokewa. Akaniuliza kama Ghanim alisema lolote kuhusu maandishi. Nikasema hakusema.

Ni uongo, na ni wa kwanza niliomwambia kwa kujua. Nimepoteza mwaka mzima. Sijamsamehe, na chakula cha usiku nimempakulia mimi.